Kuichungulia faili ya .so kabla hujachoma bando

Ukinunua mzani wa kielektroniki wa kuunganisha na kompyuta, unaweza kupewa flashi yenye faili moja tu, tuseme `libmzani.so`, bila karatasi ya maelezo. Faili ya .so ni maktaba ya Linux, yaani mkusanyiko wa funksheni ambazo programu yako inaweza kuziita. Wanunuzi wa dagaa wa pale Kibirizi, hapa Kigoma, wameshaniletea za namna hiyo. Kabla ya kuanza kumsumbua muuzaji, ihoji faili yenyewe. Kwenye Ubuntu kinachotakiwa ni kifurushi cha binutils tu, na ukishakiweka intaneti huihitaji tena:

`sudo apt install binutils`

Hatua ya 1: ni ya mashine gani?

`file libmzani.so`

Ikijibu x86-64 (kompyuta za kawaida za Intel au AMD) na wewe unatumia Raspberry Pi, ambayo ni ya ARM, ishia hapo. Omba faili nyingine.

Hatua ya 2: ndani kuna nini?

`nm -D --defined-only libmzani.so`

Utaona mistari kama hii:

`0000000000001139 T mzani_fungua`
`0000000000001162 T mzani_soma_uzito`

T ni funksheni iliyomo ndani, unaweza kuiita. Ukiondoa `--defined-only` zitatokea na zenye U, yaani zile ambazo maktaba inazitegemea kutoka kwingine. Hiyo `-D` usiiache. Faili nyingi hupunguzwa uzito kabla ya kutolewa, na bila `-D` utaambiwa "no symbols" udhani ni tupu.

Ukikuta vitu kama `_ZN5Mzani4somaEv`, usishtuke, hiyo ni C++. Ongeza `-C` isomeke `Mzani::soma()`. Uzuri wa C++ ni kwamba aina za vigezo zimo kwenye jina. Kwa C utapata jina peke yake, kwa hiyo faili ya .h, inayoeleza kila funksheni inapokea na kurudisha nini, bado utaidai kwa muuzaji.

Hatua ya 3: inategemea nini?

Wengi hukimbilia `ldd`, amri inayoorodhesha maktaba ambazo faili inazitegemea. Faili ya mtu nisiyemjua mimi siipi `ldd`, kwa sababu katika hali fulani inaweza kuendesha kodi iliyomo. Hii inasoma tu:

`readelf -d libmzani.so | grep NEEDED`

Hatua ya 4: toleo la glibc

glibc ni maktaba ya msingi ya C ambayo programu nyingi za Linux huitegemea. Hapa ndipo kazi nyingi hukwama.

`objdump -T libmzani.so | grep GLIBC_`

Ubuntu 20.04 ina glibc 2.31, na 22.04 ina 2.35. Ukiona `GLIBC_2.34`, kwenye 20.04 itagoma. Tafadhali usipakue `libc.so.6` (faili ya glibc yenyewe) ya mtandaoni ukaibandika juu ya iliyopo: hata `ls` inaweza isifanye kazi tena, na mteja amesimama mlangoni. Panda toleo la Ubuntu, au muuzaji aikompaili upya kwenye mfumo wa zamani.

Hatua ya 5: maandishi yaliyojificha

`strings libmzani.so | grep tty`

Ikitoa `/dev/ttyUSB0`, basi huenda ndiyo njia inayotarajia mzani uwepo. Ruhusa ikikataliwa, jiongeze kwenye kundi la dialout linaloruhusiwa kutumia njia hizo: `sudo usermod -aG dialout $USER`, kisha toka kwenye akaunti uingie upya.