Tairi na rimu za trekta ndogo ya 4WD: pima kabla ya kununua

Mkulima mmoja wa mpunga huku Ahero aliuziwa tairi mbili za mbele kwa kuambiwa ziko "karibu sawa" na za zamani. Akaanza kusikia mgongano kwenye gia kila akivuka sehemu kavu huku 4WD (mfumo unaoendesha magurudumu yote manne) ikiwa imewashwa. Nilimsaidia kutafuta nyingine, na hivi ndivyo ninavyofanya.

Hatua ya 1: Kazi kwanza. Tazama alama ya R ubavuni. R1 ni ya shamba la kawaida. R2 ina meno marefu, imetengenezewa mpunga na miwa, lakini barabarani inatikisa na kulika haraka. R3 ni ya nyasi. R4 ni ya kubeba na kuchota, na matopeni meno yake huziba. Kama trekta yako inalima mahindi Bungoma na kuvuta trela hadi sokoni, chukua R1. R2 nawashauri tu wanaoshinda majarubani.

Hatua ya 2: Andika namba. Tairi ya 9.5-16 ina upana wa takriban inchi 9.5 na inakaa kwenye rimu ya inchi 16. Andika za mbele na za nyuma.

Hatua ya 3: Hesabu mzunguko. Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa hiyo soma polepole. Kwenye trekta hizi mbele na nyuma huunganishwa kwa gia moja kwa moja. 4WD ikiwashwa, magurudumu ya mbele yanapaswa kutangulia kidogo, yaani kusukumwa haraka kuliko ya nyuma kwa kati ya asilimia 1 na 5, ili yavute. Yakichelewa, yanaburutwa. Yakizidi sana, tairi zinalika na gia zinabanwa. Na namba ya ubavuni haitoshi: R1 na R2 zenye namba moja zinaweza kutofautiana mzunguko (urefu wa kuzunguka tairi) kwa sababu ya urefu wa meno.

Tafuta barabara ya changarawe iliyonyooka na tambarare. Jaza upepo unaotakiwa, inua jembe, weka gia ya chini. Piga chaki tairi moja ya nyuma na moja ya mbele. Zima 4WD, endesha mpaka tairi ya nyuma izunguke mara 10, na msaidizi ahesabu mizunguko ya mbele. Rudia ukiwa umewasha 4WD. Usukani usipinde hata kidogo, kwa sababu kwenye kona magurudumu ya mbele husafiri zaidi, na baadhi ya matrekta huyaongezea mwendo yenyewe. Vipande vya mzunguko hesabu kwa meno ya tairi, usikadirie kwa macho.

Tuseme bila 4WD umepata 15.8, na ukiwa nayo 16.4. Tofauti ni 0.6, gawa kwa 15.8, upate karibu asilimia 3.8. Ni sawa.

Sasa 16.4 gawa kwa 10, upate 1.64. Huo ni uwiano wa gia, haubadiliki hata ukibadilisha tairi. Muulize muuzaji mzunguko wa tairi ikiwa na mzigo, kutoka kwenye jedwali la mtengenezaji. Kuzungusha futi ya kupimia kwenye tairi isiyobeba kitu hukupa namba kubwa kuliko halisi. Zidisha wa mbele kwa 1.64, ugawe kwa wa nyuma. Mbele sentimita 232, nyuma 370: jibu ni 1.028, yaani mbele inatangulia asilimia 2.8, nunua. Mbele 222: jibu ni 0.984, yaani mbele inachelewa, ziache hata ukipunguziwa bei.

Tairi za nyuma zikiwa mpya na za mbele zimelika, kutangulia kunapungua. Mimi napendelea kubadilisha zote nne pamoja. Muuzaji asiye na jedwali, mpite.

Hatua ya 4: Rimu. Linganisha idadi ya matundu ya bolti, umbali kati yao, tundu la katikati, na jinsi rimu inavyoingia ndani au kutoka nje. Upana nao lazima uifae tairi.

Hatua ya 5: Kufunga. Ukiwa nyuma ya trekta, ncha ya V ya meno juu ya tairi ielekee mbele. Kaza nati kwa mpangilio wa nyota, kisha zikaze tena baada ya saa chache za kazi. Ukiingia lami, zima 4WD.