Jinsi ya kuchora sura ya mtu kwa hina, mkononi na kwenye zawadi

Jamani wengi mmeniuliza ile sura ya bibi niliyomchorea bi harusi mkononi niliifanyaje mpaka ikafanana, mana sisi huku Pemba tumezoea maua na matawi, sura ya mtu ni kitu kipya. Naandika yote ninayoyajua. Kubwa kuliko yote ni hili: hina ina rangi moja tu, nyeupe huna, kijivu huna, mwanga wote wa uso ni ngozi yenyewe uliyoiacha bila kuigusa. Anayeanza mara nyingi anaharibu kwa sababu anaizungushia pua mstari, na pua haina mstari bwana, ina kivuli kidogo ubavuni na chini ya tundu, basi.

Kabla hujashika koni ya hina uliza kwanza. Familia nyingi kwetu hazipendi sura ya kiumbe ichorwe, hilo ni jambo la dini na usibishane nao, wala usikubaliane na bi harusi kwa siri halafu siku ya hina mama mtu akaja akaona. Mimi nazungumza mapema na bi harusi, mama yake na somo wake, yule anayemfunda, wakikataa nachora kitu kinachomkumbusha huyo mtu, mfano kanga aliyokuwa akiipenda na jina lake, au mkarafuu wa shamba la babu, na mara nyingi wanalia hivyo hivyo.

Unga uwe mpya, kijani, unanukia majani, ukishakuwa wa kahawia umekaa sana dukani hauna nguvu tena. Uchekeche kwa soksi ndefu nyembamba za kike, mana punje moja ikiziba ncha ya koni wakati unachora jicho basi jicho limekwenda. Gramu 50 za unga, kijiko kimoja cha chakula cha sukari ili inate ngozini isipasuke, maji ya ndimu kidogo kidogo mpaka iwe kama mtindi mzito, halafu vijiko 2 vya chai vya mafuta ya mkaratusi. Funika kwa muda wa saa 6 mpaka 12, ikibaki weka friza, kwa joto letu hili ukiiacha nje siku mbili imeshakufa. Mafuta ya karafuu tunayo, yanakamuliwa hapa hapa Wawi, na rangi yanaitoa kweli, lakini ni makali na ngozi za wengine yanazichoma, kwa hiyo mimi nayaweka kwa zawadi za kuchora kwenye ubao tu.

Piko, ile ya kutia weusi, usitie. Najua nyeusi ndio inayoombwa na kwenye picha inapendeza, lakini ile ni rangi ya nywele, ina dawa inayoitwa PPD, nimeshauona mkono wa bi harusi umejaa malengelenge fungate haijesha na ua likabaki kovu. Sasa fikiria ni sura ya marehemu bibi yake. Na mtu akishadhurika na PPD mara moja, akija kupaka rangi nywele miaka ya mbele inaweza kumdhuru tena.

Picha ya kuigiza chagua yenye mwanga wa upande mmoja, kama mtu aliyekaa karibu na dirisha. Kwenye simu ifanye nyeusi na nyeupe, ongeza kontrasti mpaka ubakiwe na vitu vitatu tu, giza, kivuli na mwanga, halafu printi. Uso usishuke chini ya inchi 3 kutoka kidevu mpaka paji. Pazuri ni upande wa ndani wa mkono kati ya kifundo cha mkono na kiwiko, kiganja kinashika rangi zaidi lakini mikunjo yake inakata uso vipande. Weka nukta kwa wanja wa penseli: macho, chini ya pua, mdomo, kidevu, na kumbuka macho yapo nusu ya kichwa kizima, si juu karibu na nywele.

Anza na macho, ndani ya mboni acha kinukta cha ngozi, hapo ndipo mtu anapokuwa hai. Pa giza jaza hina nene, pa kivuli piga mistari myembamba iliyosogeleana, kivuli kinapokwisha malizia na nukta. Kuna na njia nyingine naipenda sana, kivuli chepesi unapaka kawaida halafu unakikwangua baada ya nusu saa kwa kijiti cha meno, kinatoka hafifu, na pa giza unapaacha kwa muda wa saa 6 mpaka 8. Mtandio ufanye mwisho, ndani yake tia yale maua yetu ili sura iungane na hina nyingine ya mkono. Jipe saa 3 au 4.

Singo, ule msuguo wa mwili wa bi harusi, afanyiwe kabla, akisuguliwa baada ya hina rangi yote inaondoka. Ikikauka ikwangue, usioshe, maji yasiguse mpaka kesho yake. Itatoka ya chungwa, usiogope, inakoza ndani ya saa 48, ndio mana nachora siku mbili kabla ya harusi.

Sikukuu ya Idi, Mwaka Kogwa kule Makunduchi au tamasha la Sauti za Busara watu hawana saa nne za kukaa, wachoree sura ya ubavuni tu, paji, pua, mdomo, kilemba, imejazwa rangi moja, dakika 20 umemaliza.

Kwa zawadi usichore kwenye kanvasi, hina ikikauka inabanduka, hapo tia rangi ya akriliki ndani ya koni. Ubao ndio mzuri, upige msasa, chora, uache usiku kucha, ukwangue, upake vanishi mara mbili. Na kama mtu anapiga dufu mchoree kwenye ngozi ya dufu lenyewe, ngozi ya mbuzi inashika hina kama yetu, ila haifutiki, jaribu kwanza pembeni, na sura iweke kati kati juu kidogo mana vidole vinapigia ukingoni.