Rangi ya buluu kwenye kolonoskopi: kusaka saratani mapema kwa mwenye mchochota wa utumbo wa miaka mingi

Saratani inayoanzia kwenye utumbo uliochubuka kwa miaka mara nyingi haisimami kama kinundu. Hutandaa bapa, ikiwa na rangi ileile ya ukuta unaoizunguka, na kamera ya kolonoskopi, ile inayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa, huipita bila kuiona. Rangi ikinyunyizwa hujaa kwenye vijishimo vya ukuta, na kingo za sehemu iliyobadilika hujichora. Mwongozo huu ni wa wauguzi, matabibu na madaktari wa vyumba vya endoskopi kuanzia Nakuru hadi Kisumu na Kakamega.

Anza na hesabu ya miaka. Mwenye kolaitisi ya vidonda (mchochota wa utumbo mpana), au ugonjwa wa Crohn (mchochota unaoweza kushika sehemu yoyote ya njia ya chakula) ulioshika utumbo mpana, aanze uchunguzi huu miaka 8 baada ya dalili kuanza, si baada ya ugonjwa kupewa jina. Huku kwetu tofauti hiyo inaweza kuwa kubwa, kwa sababu mtu huweza kuhara damu kwa miaka akipewa dawa za amiba tu. Muulize, "Damu uliiona lini kwa mara ya kwanza?" na uandike mwaka huo kwenye faili. Aliye pia na ugonjwa wa makovu kwenye mifereji ya nyongo hangoji: anaanza mara unapogunduliwa, kisha kila mwaka. Aliyeathirika puru peke yake haingii kwenye ratiba hii.

Kabla ya kumfunga mtu na ratiba ya maisha, hakikisha ugonjwa wenyewe ni huo. Kichocho cha tumbo, ambacho kimeenea kando ya Ziwa Victoria, amiba na TB ya utumbo huweza kuacha vidonda na vinundu vinavyofanana. Pima choo, na kwenye fomu ya maabara mwombe mwanapatholojia atafute mayai ya kichocho.

Subiri pia utumbo utulie. Ukuta unaojijenga upya baada ya kuchubuka huonekana chini ya darubini kama ulioanza kugeuka, nawe utarudishiwa jibu la "haijulikani" lisilomsaidia mtu. Tibu kwanza. Lakini yule ambaye hatulii licha ya dawa asiahirishwe bila mwisho, maana ndiye aliye hatarini zaidi.

Kinachoharibu kazi hii kuliko kitu kingine chochote ni uchafu. Rangi hunata kwenye mabaki ya choo, na doa la buluu juu ya uchafu halikuambii kitu. Siku 3 kabla, mgonjwa aache sukuma wiki, managu, mrenda, githeri, ndengu, njugu, mapera na nyanya zenye mbegu. Ugali wa unga mweupe, wali, mayai, mkate mweupe na samaki asiye na miba ni sawa. Vidonge vya madini ya chuma visimame siku 7 kabla, kwani huufanya uchafu uwe mweusi na wa kunata. Siku ya mwisho ni vinywaji vinavyopitisha mwanga tu: strungi, supu iliyochujwa, soda isiyo na rangi. Uji hauhesabiki hapo, hata ukiwa mwepesi, na vinywaji vyekundu au vya zambarau viachwe.

Dawa ya kusafisha ni lita 4 za polyethylene glycol, zigawanywe: lita 2 jioni, na lita 2 zikianza kunywewa muda wa saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo, zikimalizika angalau saa 2 kabla. Anayetoka mbali, tuseme Mbita au Olenguruone, akipangiwa asubuhi na mapema atalazimika kunywa akiwa ndani ya matatu, na hatakunywa. Mpe nafasi ya mchana. Epuka dawa za sodium phosphate: huacha vidonda vidogo vinavyoigiza Crohn.

Sasa rangi yenyewe. Kwa kunyunyizia utumbo wote kupitia pampu ya maji ya kifaa, changanya mililita 10 za methilini buluu ya 1% na mililita 240 za maji safi ya hospitali, utapata 0.04%. Soma chupa kwanza, maana nyingine ni za 0.5%, nazo zinahitaji mililita 20 za dawa na 230 za maji. Ukiwa na rangi nyingine ya buluu, indigo kamini ya 0.8%, tia mililita 10 kwenye 240. Methilini buluu ya maabara, ile ya kupakia vioo vya darubini, haiingii mwilini mwa mtu hata duka la dawa likiwa tupu.

Uliza kuhusu upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Katika maeneo ya malaria kama yetu si jambo geni, na kwa mwenye upungufu huo methilini buluu inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Mtu aliyewahi kukojoa mkojo mweusi baada ya dawa fulani apimwe kwanza, au tumia indigo kamini. Anayetumia dawa za sonona kama fluoxetine, daktari ajue mapema.

Ingia hadi sikamu, mwanzo wa utumbo mpana, bila rangi, ukiosha na kufyonza kila dimbwi njiani. Ukishafika, badilisha chupa ya pampu. Rudi nyuma ukizungusha ncha huku ukinyunyiza, sentimita 20 hadi 30 kwa mara moja, ukielekeza mkondo wa maji upande wa juu ili rangi iteremke yenyewe. Fyonza iliyozidi, ngoja kama dakika 1 methilini buluu inywewe na ukuta, sogea mbele tena, kisha kagua polepole ukitoka. Utumbo ukijikunja sana, hyoscine butylbromide miligramu 20 kwenye mshipa husaidia, ila si kwa mwenye glakoma au moyo unaokwenda mbio. Jumla yote huongeza dakika 10 hivi. Panga orodha ya siku ukizihesabu.

Vijishimo vya duara vilivyolingana ni vya kawaida. Vilivyorefuka, vyenye matawi au vilivyovurugika vitiliwe shaka. Ukiona sehemu inayoweza kuondolewa yote, usiinyofoe vipande vingi kwanza: kovu litaizuia kuinuka inapodungwa maji chini yake ili iondolewe. Piga picha, andika umbali, na upeleke kwa mwenye ujuzi wa kuiondoa nzima. Yenye kidonda katikati, iliyobonyea au isiyoinuka ni ya kujadiliwa na daktari wa upasuaji. Njia iliyobana katika kolaitisi ya vidonda ichukuliwe kama saratani hadi ithibitishwe vinginevyo.

Pasipo rangi wala kamera za kisasa, imebaki njia ya zamani: vinyofu (vipande vidogo vya ukuta vya kupimwa) 4 kila sentimita 10, visivyopungua 32, kila sehemu na chupa yake ya fomalini. Jibu la kugeuka kwa seli lisomwe na mwanapatholojia wa pili kabla ya kumwambia mtu atolewe utumbo.

Kurudi ni baada ya mwaka 1, 3 au 5. Mwaka 1 ni kwa mchochota mkali ulioenea, aliyekuwa na seli zilizogeuka au njia iliyobana ndani ya miaka 5, au mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepata saratani ya utumbo kabla ya miaka 50. Aliyetulia kabisa anaweza kungoja 5.

Mwambie mgonjwa kabla hajaondoka kwamba mkojo na choo vinaweza kuwa vya kijani au buluu kwa siku moja au mbili. Maumivu ya tumbo yanayozidi, homa au damu nyingi ni vya kurudi hospitalini usiku huohuo.