Kuprinti Picha za Rangi Nyumbani kwa Karatasi ya RA-4

Mwongozo huu ni wa kuprinti negativu za rangi kwenye karatasi ya RA-4 (karatasi ya picha za rangi inayosafishwa kwa dawa za mfumo wa jina hilo) kwa kutumia dramu. Aliyezoea picha za nyeusi na nyeupe ana nusu ya kazi mkononi. Inayobaki ni joto, usafi wa dawa na mazoezi ya jicho.

Unahitaji mashine ya kukuzia yenye filta za njano, majenta na sayani, dramu isiyopitisha mwanga, kipimajoto cha kuaminika, vikombe vitatu vya kupimia na glavu za nitrili. Glavu si hiari: developa ya rangi (dawa inayoitoa picha kwenye karatasi) husababisha mzio wa ngozi, na ukishakupata hauondoki kirahisi. Acha hewa ipite, maana harufu ya bliksi (dawa inayoondoa fedha na kukaza picha kwa pamoja) ni kali.

1. Ziba chumba. Karatasi hii huona rangi zote, kwa hiyo taa nyekundu hairuhusiwi. Zima kila kitu, kaa gizani dakika 10, na mianya itajionyesha yenyewe. Funika hata kitaa kidogo cha chaja.

2. Andaa dawa. Changanya developa na bliksi kwa vipimo vya kijikaratasi chake. Kwa stopu (dawa ya asidi inayosimamisha kazi ya developa), mililita 200 za siki nyeupe ya asilimia 5 na mililita 300 za maji hutoa asidi ya asilimia 2, inatosha kabisa. Weka vikombe vyote kwenye beseni la maji ya nyuzi 35 za Selsiasi. Kila kikombe kiwe na alama yake na kisibadilishwe kazi. Matone machache tu ya bliksi yakiingia kwenye developa, developa hiyo imekwisha.

3. Weka filta. Anza na majenta 50, njano 50, sayani 0. Sayani huachwa sifuri kwa sababu filta tatu zikifanya kazi pamoja hutoa kijivu tu, yaani unapoteza mwanga bure.

4. Pima mwanga. Tundu la lenzi liwe f/8. Gizani, tafuta upande wa dawa, yaani unaopokea mwanga: karatasi hujikunja kidogo kuelekea upande huo, na kidole chenye unyevu hunata ukigusa kona. Funika kwa kadibodi na usogeze hatua kwa hatua, upate sekunde 5, 10, 15 na 20. Ingiza karatasi kwenye dramu, upande wa dawa ukitazama ndani, funga, kisha washa taa.

5. Safisha. Mimina maji ya nyuzi 38 hadi 40, zungusha sekunde 30, mwaga. Usiruke hapa: dramu baridi hushusha joto la developa papo hapo. Kisha developa sekunde 60, stopu sekunde 30, bliksi sekunde 60, na maji dakika 2 ukiyabadilisha kila sekunde 30. Mililita 100 za kila dawa zinatosha dramu nyingi za karatasi ya sentimita 20 kwa 25. Zungusha bila kusimama, dramu ikiwa imelala sawasawa. Ikiinama, upande mmoja utatoka na michirizi.

6. Kausha kabla ya kuhukumu. Picha iliyolowa ina utando wa bluu kama maziwa yaliyochujuka. Ukirekebisha rangi kwa kuitazama hivyo, utakosea kila mara. Ikaushe kwa draya ya nywele, uitazame karibu na dirisha lenye mwanga wa mchana usio wa jua la moja kwa moja. Chini ya balbu ya manjano utadhani picha ni ya njano, utaongeza filta, na kesho yake utakuta picha ya bluu.

7. Rekebisha rangi. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na kumbe kanuni ni moja: rangi iliyozidi kwenye picha, ongeza filta ya rangi hiyohiyo. Picha ni ya njano, ongeza njano. Ni ya majenta, ongeza majenta. Nyekundu ni zote mbili, basi ongeza zote mbili. Ikiwa ya bluu, punguza njano. Ya kijani, punguza majenta. Ya sayani, punguza zote mbili. Alama 5 ni mguso tu, 10 inaonekana wazi, 20 ni mabadiliko makubwa. Ukiongeza majenta 10, ongeza muda kwa takriban asilimia 10. Njano haina athari kubwa kwenye muda. Tumia ngozi ya mtu au kitu cha kijivu kama kipimo chako. Anga humdanganya mtu, kwani bluu ya aina yoyote huonekana sawa.

Kingo nyeupe zikitoka na waridi, developa inaingia kwenye bliksi: tengeneza stopu mpya. Kingo zikiwa za sayani, kuna mwanga mwekundu unaovuja. Weusi ukififia, developa imepoa au imechoka. Madoa ya duara hutokana na dramu iliyoachwa na matone, hivyo ioshe na kuikausha hadi kwenye mfuniko baada ya kila picha.

Developa hifadhi kwenye chupa iliyojaa hadi shingoni, hewa isibaki. Bliksi iliyotumika ina fedha ndani yake. Usiimwage shambani wala mtaroni, ipeleke kwenye studio inayokusanya dawa zake.