Mradi wa sayansi hauna hela? Fanya konokono

Kila mwaka wanafunzi wa skuli na vyuo wanahangaika na mada ya mradi, wote wanakimbilia kima punju wa Jozani au matumbawe halafu wanakwama kwenye nauli ya boti na vifaa. Jamani konokono wapo, tena nyuma ya nyumba, na vifaa vyake ni tochi, chekeche, ndoo, makopo na lensi ya mkononi ya mara 10 bas.

Ila ujue mapema, lile dude linalotafuna mchicha na mipapai baada ya mvua, Lissachatina fulica, ndo kila mtu analiona lakini konokono wengi wa kwetu ni vidogo vya milimita chache tu vinavyoishi ndani ya majani makavu, na mtu anaeokota kwa macho atarudi na aina mbili tatu akadhani kamaliza.

Kwa hiyo fanya vyote viwili, kutafuta kwa macho na kuzoa majani. Pima mraba, tuseme mita 20 kwa 20, watu wawili watafute saa nzima chini ya magogo, kwenye magome, mashina ya migomba, na kama mko maweni basi kwenye mipasuko ya mawe, huko msipite mbio maana konokono anajenga gamba kwa chokaa na maweni ni chokaa tupu. Halafu zoa majani makavu na udongo wa juu, lita 4 hivi, kutoka sehemu tofauti za mraba huo huo. Muda na lita viwe sawa kila pahala, vyenginevyo huwezi kulinganisha msitu wa Masingini wa Unguja na ule wa Ngezi wa Pemba.

Nyumbani toa kwanza walio hai, yaliobaki anika mpaka yakauke kabisa, chekecha, na kile kilichopita kimwage kwenye ndoo ya maji ukoroge kidogo. Mchanga unazama, magamba matupu yanaelea maana ndani yana hewa, unayaopoa na chujio la chai pamoja na vijiti vyake, unayatandaza kwenye karatasi nyeupe na kuyachambua kwa brashi iliyolowa kama unachambua mchele. Kilichozama nacho kitizame, gamba lililojaa udongo halielei. Shingo itauma, lakini hapa ndo orodha inaporefuka.

Wakati mzuri ni masika au vuli, usiku baada ya mvua. Kiangazi wengi wamejifungia, wameziba mlango kwa utando mkavu wa ute, utawapata lakini utateseka.

Kwenye kutambua usilazimishe jina, vitoto viweke kopo lake mbali. Kwa wakubwa anza na mdomo wa gamba: ukiona vijino ndani ya mdomo wa kigamba cheupe kinachong'ara basi shuku Gulella, na hao hawana haja na mchicha wako, wanawinda konokono wenzao. Ukiona kifuniko kigumu cha kuzibia mlango hao kina Tropidophora, dume mbali na jike mbali, wakati lile dude kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja na linaweza kutaga mayai zaidi ya 100 kwa mara moja.

Dude lenyewe linafaa kwa hesabu. Usiku wa kwanza kamata, tia doa la rangi ya kucha kwenye gamba, waachie pale pale. Baada ya siku chache rudi ukamate tena. Tuseme ulitia alama 40, mara ya pili umepata 50 na kati yao 10 wana alama, basi 40 mara 50 gawa kwa 10, shambani wapo kama 200. Doa liwe dogo tu, likiwaka sana kunguru wanakusaidia kuwala na hesabu inaharibika.

Vaa glavu au nawa kwa sabuni, hili si la mzaha, konokono anabeba mnyoo Angiostrongylus cantonensis anaotoa kwenye mavi ya panya na kwa binadamu unafika mpaka ubongoni. Na usisafirishe walio hai kutoka kisiwa kimoja kwenda chengine, Unguja iliungana na bara zama za barafu lakini Pemba imetengwa na mkondo wenye kina cha mamia ya mita kwa muda mrefu zaidi, kila upande una wake. Lile dude letu la Afrika Mashariki lilifika Florida, Marekani, 1966, konokono watatu tu wa mtoto mmoja, ikachukua mpaka 1975 kutangazwa kwamba wamekwisha.

Msituni usiingie bila kibali cha watu wa misitu na kumpitia sheha, kwenye shamba la mtu muombe mwenyewe. Unaowahifadhi waweke kwenye ethanoli ya asilimia 70 mpaka 80, na ndani ya kila kopo tia karatasi yenye shehia, tarehe, aina ya pahala na jina la aliyeokota. Andika kwa penseli, wino wa peni unayeyuka humo ndani.