Kobe wa masikio mekundu: namna ya kumtafutia makao mapya

Alinunuliwa akiwa na ukubwa wa sarafu. Sasa amelingana na sahani, maji yananuka, na mtoto aliyemlilia dukani yuko chuoni. Karibu kila anayenipigia simu ananisimulia hayo. Najitolea kuwatafutia reptilia makao hapa Marekani, na kobe huyu wa maji, mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho, ndiye ninayeletewa zaidi.

Kwanza kabisa, usimwachie ziwani. Kwao ni bonde la mto Mississippi. Kwingineko huwanyang'anya kobe wenyeji chakula na magogo ya kuotea jua. Umoja wa Ulaya ulimweka kwenye orodha ya viumbe vamizi mwaka 2016.

Hatua ya 1: Mpime. Weka rula kutoka mwanzo hadi mwisho wa gamba, bila kufuata mviringo wake. Akiwa chini ya inchi 4 (kama sm 10), sheria ya Marekani tangu 1975 inakataza kumuuza kama mnyama wa nyumbani, kwa sababu ya salmonela, bakteria anayeharisha watu. Dume ana kucha ndefu za mbele na mkia mnene. Jike ndiye mkubwa, anaweza kukaribia sm 30.

Hatua ya 2: Mkague. Macho yamevimba? Gamba linabonyea? Anaogelea kaegemea upande mmoja? Mpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia, kisha andika ulichoambiwa kwenye tangazo. Ukificha, atarudishwa.

Hatua ya 3: Tangaza. Piga picha ya mgongo, tumbo na uso. Taja umri, na useme wazi kwamba anaweza kuishi miaka 30. Tangi, chujio na taa viende naye.

Hatua ya 4: Mchuje anayemtaka. Hapa usione haya. Kuuliza "unapenda wanyama?" ni kupoteza muda, kila mtu anapenda. Mimi naomba picha ya tangi likiwa na maji na taa zimewashwa. Halafu nauliza: tangi ni la galoni ngapi? Tunakadiria galoni 10 kwa kila inchi ya gamba, kwa hiyo jike wa inchi 10 anataka galoni 100, yaani lita 380 hivi. Balbu ya UVB, ile inayotoa miale kama ya jua, ilibadilishwa lini? Huendelea kuwaka hata nguvu yake ikiwa imekwisha, na wengi hawalijui hilo. Mwenye nyumba anaruhusu? Kuna mtoto wa chini ya miaka 5? Akiwepo, natafuta mtu mwingine, kwa sababu ya ile salmonela.

Kuna bwana aliniambia angemweka kwenye beseni "kwa muda tu". Nikamwomba arudi akishapata tangi. Namsubiri bado.

Hatua ya 5: Msafirishe. Mtie kwenye boksi la plastiki lenye matundu, juu ya taulo lenye unyevunyevu. Usiweke maji: gari likiyumba anaweza kupinduka akazama. Usimwache garini juani hata dakika chache. Nawa mikono kwa sabuni.

Mwambie anayempokea kwamba kobe anaweza kususa chakula siku kadhaa kwa sababu ya ugeni. Ahakikishe pale anapootea jua pana joto la nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, na asimshikeshike. Wiki mbili zikipita bila kula, ni daktari tena.