Jinsi ya kuchuja habari za magonjwa ya kuambukiza kabla hujafowadi

Mimi ni nesi, na kila ugonjwa ukilipuka simu yangu inajaa meseji za "eti hii ni kweli?" Sasa nawaonyesha ninavyozichuja, tutumie surua kama mfano.

Hatua ya 1: Mjue mdudu. Ni kirusi, bakteria au kimelea? Surua ni kirusi, na antibayotiki zinaua bakteria, sio virusi, kwa hiyo meseji inayosema mkimbilie antibayotiki kutibu surua imeshafeli hapo hapo. Daktari anaweza kuandika antibayotiki mtoto akipata nimonia ya bakteria juu yake, ila hapo anatibu nimonia, sio surua.

Hatua ya 2: Unaingiaje? Malaria huipati kwa kupeana mikono. Surua inapita hewani, na virusi vinaweza kubaki chumbani mpaka masaa 2 baada ya mgonjwa kutoka, ndio maana "mbona sikumgusa" haisaidii kitu.

Hatua ya 3: Hesabu siku. Hapa wengi wanapotea, naomba mtulie kidogo. Chukua karatasi, andika siku vipele vilipotoka, tuseme tarehe 12. Rudi nyuma siku 4, nenda mbele siku 4, yaani tarehe 8 mpaka 16 huyo mtoto alikuwa anaambukiza, na tarehe 8 bado mnaona ni mafua na macho mekundu tu na anacheza na wenzake! Sasa usibebe hesabu hiyo ukaipachika kwenye ugonjwa mwingine. Ebola dalili zinatoka kati ya siku 2 na 21, na mtu haambukizi wengine kabla hajaanza kuumwa.

Hatua ya 4: Fungua chanzo chenyewe. Mimi naanza na saiti ya Shirika la Afya Duniani, who.int, kila ugonjwa mkubwa una ukurasa wake wa maelezo, halafu wizara ya afya ya nchi husika kwa ratiba ya chanjo na hali ilivyo sasa. Angalia tarehe ya ukurasa, picha ya mlipuko wa zamani inazunguka kama ya jana.

Hatua ya 5: Utafiti mmoja usikuyumbishe. Mwaka 1998 jarida la The Lancet lilitoa makala ya watoto 12 tu ikihusisha chanjo ya surua na usonji, tafiti kubwa zikaja zikakuta hakuna uhusiano, na 2010 jarida likaifuta. Mpaka leo wazazi wananiletea hiyo hiyo, na inaniuma maana anayelipa ni mtoto.

Ila mtoto mwenye homa na vipele akianza kupumua kwa shida, au hanywi, au amelegea, acha kusoma, mpeleke hospitali. Na mkifika semeni mlangoni kabisa kwamba mnahisi surua, msikae naye kwenye benchi na wengine.